Wimbo wa Kuweka Msalaba

Watu wa Mbeya wanasema sisi Wahehe tuna hasira za karibu. Mimi ni Mhehe wa Mlandege, Iringa, nimeolewa Mbeya nikiwa binti na nimekuwa mjane huku huku, na sitabishana nao. Ila naomba kwanza nieleze nilichofanyiwa, halafu mtu aje aniambie hasira za kwake zingekaa umbali gani.

Ninatunga muziki wa bendi. Nikisema hivyo watu huniuliza naimba nyimbo gani. Siimbi. Sauti niliyonayo ni ya kuitia kuku. Ninaandika muziki wa kupulizwa: tarumbeta, klarineti, tromboni, baritoni, na chini kabisa besi, lile dubwana la shaba linalokumbatiwa kama mtoto aliyegoma kutembea. Baba yangu alipuliza klarineti katika bendi ya jeshi. Alipostaafu alirudi Mlandege na vitu viwili, kikohozi na elimu ya kusoma nota, akanirithisha cha pili. Nimefundisha darasa la nne miaka mingi, na kila jioni niliyobakiziwa na madaftari ya watoto nimeiandikia bendi ya kanisa letu. Maandamano ya Pasaka ni yangu. Wimbo wa sikukuu ya mavuno, ule ambao wazee wakiusikia wanainua mahindi juu, ni wangu. Jina langu halijawahi kutajwa hata siku moja. Watu husema tu, "Leo bendi imepiga," utadhani vyombo huamka asubuhi vikijua pa kwenda.

Hilo silalamikii, nimelizoea. Nalitaja ili mjue kwamba mimi si mtu wa kutafuta sifa.

Mimi siandikii chombo, naandikia mtu. Didas wa tromboni ana mkono mfupi, lile bomba akilisukuma halifiki mwisho, basi nota ya mwisho simpi. Yule mama wa klarineti ana pumu, namwekea vituo vingi, na hajui kwamba navitega kwa ajili yake. Na siku zote naanza kuandika kutoka chini kwenda juu. Watunzi wengine huanza na sauti ya kwanza, ile ambayo mtu anatoka nayo ibadani akiipigia mluzi. Mimi huanza na besi, kwa sababu besi alikuwa mume wangu.

Nashoni alilima viazi Igawilo, mtu wa mabega mapana na maneno machache. Tulikutana mazoezini. Alikuwa akivuta pumzi katikati ya mstari, nikamgombeza mbele ya wenzake, nikamwambia anaukata wimbo kama anayekata mkaa. Hakukasirika. Alisema, "Mwalimu, mapafu ni yangu, lakini karatasi ni yako. Niandikie pa kupumulia." Nikamwandikia. Kwa kifupi ndivyo tulivyooana.

Presha ilimwangusha shambani, jembe mkononi, na mpaka tunapata gari la kumpeleka hospitali alikuwa ameshatutoka. Tulimzika nyuma ya nyumba ya mama yake, kwenye migomba, kwa msalaba wa mti na udongo mbichi, mvua inanyesha. Siku ile bendi ilipiga ilichoweza. Nusu yao walikuwa wanalia, na mtu anayelia hapulizi.

Sasa bendi yetu ina desturi, na bila kuijua hii hakuna atakayenielewa. Mpigaji wetu akifa, hatumuagi siku ya maziko. Siku ya maziko ni ya kilio tu. Tunamuaga siku ya kuweka msalaba, ndugu wakishajengea kaburi na kukusanyika tena, mwaka mmoja hivi baadaye. Siku hiyo anapigiwa wimbo mpya. Mpya kabisa, ambao hakuna sikio la nje ya bendi lililowahi kuusikia. Unasikika kwa mara ya kwanza kaburini kwake, na baada ya hapo haupigwi kwa maiti mwingine wala kwa jambo jingine lolote. Marehemu wetu wote wamelala na wimbo wao, na mimi ndiye niliyewaandikia, mmoja mmoja, tangu nilipoingia bendi hii. Nilishawaandikia watu ambao hata salamu zetu hazikuwa nzuri. Huyu alikuwa mume wangu.

Nilianza na besi kama kawaida, na hapo ndipo niliposhindwa, maana besi alikuwa ndiye anayeagwa. Miezi nilikaa na karatasi tupu. Kisha nikaandika besi hivyo hivyo, kana kwamba ataipiga, na vituo vyake vyote vya kupumulia nikamwekea. Juu ya besi nikapanga tromboni na baritoni zikijibizana, kama alivyokuwa akijibizana na mimi jikoni, yeye neno moja, mimi kumi. Mwisho kabisa ndipo nikaandika sauti ya kwanza, nikampa Sedekia.

Sedekia ni mdogo wake Nashoni, tumbo moja. Mungu amempa pumzi ndefu kuliko akili. Akipuliza tarumbeta hata mbwa wa jirani hunyamaza, na hilo sitalificha kwa sababu nina hasira. Nilimwandikia mstari mrefu usio na kituo hata kimoja, mstari ambao Mbeya nzima ni yeye tu angeuvusha kwa pumzi moja. Nilifanya makusudi. Nilitaka mtu wa damu yake ndiye amuage. Nikampa karatasi yake mapema, nikamwambia, "Shemeji, jifunze taratibu. Ni wa kaka yako." Akaipokea kwa mikono miwili, macho yamejaa machozi.

Mwezi wa tisa nikaenda Iringa kwenye harusi ya Faustina, binti wa kaka yangu. Mimi ndiye shangazi, na shangazi hakosi. Basi lilinishusha Ipogolo, maana ukumbi wenyewe ulikuwa pale pale chini, karibu na barabara kuu. Nikakuta wanawake wa kwetu wameshapanga mistari miwili getini, kanga viunoni, wanasubiri msafara wa maharusi ushuke kutoka mjini. Nikavaa kanga yangu, nikajipanga nao. Nilikuwa na furaha. Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba nijisikie nina furaha, na nakumbuka hata nililionea haya.

Msafara ulisikika kabla ya kuonekana. Mbele kulikuwa na pikapu ya matarumbeta, kama ilivyo kawaida ya harusi zetu, wapigaji wamesimama nyuma, magari mengine yanafuata yakipiga honi. Ngoma zilikuwa za mbio. Nikaanza kupiga makofi na wenzangu. Mikono yangu ikasimama yenyewe kabla sijajua kwa nini.

Ulikuwa wimbo wa Nashoni.

Ulikuwa umekimbizwa mara tatu ya mwendo wake. Ule mstari wangu mrefu ulikuwa umekatwakatwa vipande vifupi vifupi, na kila kipande kikiisha ngoma inajibu na watu wanapiga kelele, "Shusha!" Chini yake hapakuwa na kitu. Besi yao ilikuwa inaguna tu, pa, pa, pa, kwa kuwa sauti za chini hawakuwa nazo, karatasi zake zilikuwa kabatini kwangu. Waliyokuwa nayo ni sauti ya kwanza peke yake. Nikainua macho kwenye pikapu nikamwona Sedekia, kavaa shati jekundu na miwani ya jua, mashavu yamemjaa upepo.

Akaniona. Nilidhani atashtuka. Aliinua mkono akanipungia, huku anaendelea kupuliza kwa mkono mmoja, na uso wake ulikuwa wa mtu anayetegemea kupongezwa.

"Violet, mbona huchezi?" Mama mdogo alinivuta kanga. "Au Mbeya haujafika? Hii ndiyo Shusha Bibi Harusi. Kuanzia Mafinga mpaka huku harusi haiendi bila hii."

"Tangu lini?"

"Mmh, tangu mwezi wa sita huko. Watoto wameweka mpaka kwenye simu. Cheza bwana, shangazi gani wewe!"

Nikatoka mstarini. Nilimsubiri Sedekia nyuma ya ukumbi, penye masufuria ya pilau, na alipokuja kutafuta maji ya kunywa akanikuta mimi.

"Shemeji! Umeona watu walivyoupenda?"

"Nimeona. Umefanya nini, Sedekia?"

"Nimeuchangamsha tu kidogo. Siku moja mimi na hawa wa pikapu tulikuwa na harusi Makambako, tumemaliza nyimbo zote, watu bado wanataka. Nikaupiga ule. Sikupanga, shemeji. Ulinitoka tu. Mwe! Watu walipagawa."

"Ule ni wa kaburi la kaka yako."

"Si bado utapigwa kaburini? Hakuna aliyeufuta."

"Desturi unaijua. Umekua ndani ya bendi ile. Unaijua."

Akavua miwani, akaanza kuifuta kwa shati. "Desturi hizo tulijiwekea wenyewe, si Biblia. Kaka alikuwa mtu wa furaha. Kama anaona huko aliko, anafurahi wimbo wake unachezwa."

"Usiniambie Nashoni alikuwa mtu wa namna gani. Mimi ndiye niliyelala naye."

Wapishi waliacha kukoroga. Mmoja akasema polepole, "Dada, ni harusi hii," na kaka yangu akatokea, akanishika bega, akaninong'oneza nisimharibie mwanawe siku yake. Nikanyamaza kwa ajili ya Faustina. Nilikaa meza ya mbele kama shangazi, nikala pilau, na kila waliporudia ule wimbo ukumbini, na waliurudia mpaka nikachoka kuuhesabu, nilitabasamu kwa sababu kulikuwa na mpiga video. Nawaambia ukweli, sijawahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia Sedekia jioni ile. Ningeweza kulitia tarumbeta lake mchanga. Ningeweza kulitupa mtoni Ruaha, na yeye nyuma yake.

Niliporudi Mbeya nilikwenda Igawilo kwa wakwe kushtaki. Walikaa kikao, maana katika mambo ya vikao hakuna wa kuwashinda. Baba mdogo wa marehemu alitusikiliza sote wawili, mimi na Sedekia, kisha akasema damu nzito kuliko maji, na kwamba kijana amekosa lakini ametafuta riziki, kwa hiyo funika kombe mwanaharamu apite. Mama mkwe alikuwepo ila hakusema. Masikio yake siku hizi yana siku zake, na sikuwa na hakika amesikia kiasi gani.

Nikaenda kwa mchungaji. Mchungaji wetu ni mtu mwema, ana tabia tu ya kukujibu kabla hujamaliza. Akaniambia yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Akaniambia muziki wote ni wa Bwana, na kwamba huenda Bwana ametaka wimbo ule uwafikie wengi.

"Mchungaji, wanaucheza kwa viuno."

"Basi, mwalimu, tatizo liko wapi? Tunga mwingine. Si kutunga unajua?"

Neno lile bado liko kifuani mpaka leo. Tunga mwingine! Ni sawa na kuniambia niolewe tena, kwani si kuolewa najua? Wanafikiri wimbo ni maandazi, lililoanguka chini unatia jingine kwenye mafuta. Nilikwisha tunga. Kila nilichokuwa nacho cha Nashoni nilikitia mle ndani, namna alivyopumua, namna alivyonyamaza, mpaka kile kikohozi chake cha kuanzia maneno. Sikuwa na Nashoni mwingine wa kumwandikia.

Kwa hiyo nikaamua kwa ukaidi, na ukaidi wangu naujua ulivyo. Nitaupiga. Nitaupiga kama nilivyouandika, mwendo wake ule ule, na Sedekia yule yule, maana mstari ule hakuna mwingine wa kuuvusha. Niliwaambia bendi kwamba wimbo ukipigwa taratibu, kwa heshima yake, na sauti zote za chini zikiwemo, hakuna mwenye akili atakayeufananisha na ule upuuzi wa pikapu.

Tulifanya mazoezi kwenye uwanja wa kanisa. Sedekia alikuja, akasimama mahali pake, hatukusalimiana zaidi ya "shikamoo mwalimu" yake na "marahaba" yangu. Ambokile, aliyerithi besi, akaanza peke yake kama ilivyoandikwa. Tromboni zikaingia, baritoni ikajibu. Kisha Sedekia akaingia na sauti ya kwanza. Pale pale, upande wa pili wa uwanja, wale akina mama waliokuwa wanafagia kanisa wakaanza kuyumba na mifagio yao. Hawakukusudia. Hata vichwa hawakuvigeuza. Watoto waliokuwa ukutani wakaitikia, "Shusha!" Nikawafukuza watoto kwa fimbo ya kuongozea.

"Mwalimu," Ambokile aliniambia tulipokuwa tunafunga vyombo, "sisi tunapiga msiba, lakini wao wanasikia harusi."

"Siku yenyewe watakuwa na adabu. Watakuwa mbele ya kaburi."

"Haya, mwalimu," alisema, kwa sauti ya mtu asiyetaka ugomvi.

Siku ya kuweka msalaba Igawilo kulikuwa na baridi na manyunyu, yale ya kulowesha bila kelele. Kaburi lilikuwa limejengewa vizuri, vigae vyeupe, na msalaba wa saruji umelazwa kando ukingojea vijana wausimamishe. Watu walikuwa wengi. Wa kwetu walikodi basi dogo kutoka Iringa, kaka yangu na mkewe, mama mdogo, Faustina na mumewe, na wasichana wa ukoo waliomsindikiza. Niliwashukuru kwa kuja, na nilishukuru kweli. Mama mkwe aliwekewa kiti karibu na kichwa cha kaburi, blanketi mabegani, na mimi nikasimama kando ya kiti chake, mbele ya bendi. Sedekia alivaa suti nyeusi. Alikuwa amenyoa. Macho yake yalikuwa mekundu, na nilijiambia ni baridi.

Mchungaji aliomba. Msalaba ukasimamishwa, ukashindiliwa kokoto, ukasimama. Kisha akasema, "Bendi sasa itamuaga ndugu yetu," na akarudi nyuma.

Nikainua mkono. Ambokile akaanza.

Besi ile ilivyotoka! Niliacha vituo vya Nashoni mahali pake, na Ambokile alivifuata vyote, na kila alipovuta pumzi nilisikia mtu mwingine. Tromboni ya Didas ikauliza, baritoni ikajibu. Nikamgeukia Sedekia nikampa ishara, naye akaingia, taratibu, kama nilivyoandika, na akauvusha mstari wote kwa pumzi moja bila kutetemeka. Ulikuwa mzuri. Nilikasirika kwamba ulikuwa mzuri hivyo, na kwamba siku zote alikuwa anajua unavyotakiwa kupigwa.

Hapo kikatoka kigelegele.

Kilitoka nyuma, kwenye wasichana wa kwetu. Najua hakikuwa cha ubaya. Yule binti alijiziba mdomo kwa viganja vyote viwili mara tu kilipomtoka. Lakini kigelegele ni kama kupiga miayo, cha pili kikajibu upande wa migomba, na cha tatu. Mama mdogo alikuwa ameshaanza kupeleka bega. Mtoto fulani akasema "Shusha!" kwa sauti ya juu, mama yake akampiga kofi, na watu wakacheka kile kicheko cha kubana pua, kicheko cha kanisani. Mbele ya kaburi. Kwenye vigae vyake vipya.

Mama mkwe akageuza kichwa. "Ni harusi ya nani?" aliuliza.

Nikakunja ngumi, na bendi ikakatika. Nilitaka kuwageukia wale watu wote niwatukane, wa Iringa na wa Mbeya, wanaocheka na wanaojifanya hawacheki, mchungaji na Bwana wake anayependa nyimbo ziwafikie wengi. Nilikuwa na maneno, na yalikuwa makali. Nikaangalia karatasi badala yao. Nikaanza kusoma kutoka chini kwenda juu, kama ninavyoandika: besi, baritoni, tromboni ya pili, ya kwanza, klarineti. Hakuna hata mstari mmoja kati ya hiyo uliokwenda Makambako. Hakuna aliyewahi kuicheza. Kilichoibwa kilikuwa cha juu kabisa.

"Sedekia," nikasema. "Teremsha tarumbeta."

"Shemeji..."

"Teremsha."

Akateremsha, akalishika tumboni.

"Wengine tunarudi mwanzo. Kila mtu kama alivyoandikiwa."

Ambokile alinitazama juu ya shaba yake. "Bila sauti ya kwanza, mwalimu?"

"Bila."

Nikainua mkono, wakaanza upya. Besi ilitoka peke yake. Tromboni ikauliza, baritoni ikajibu, klarineti ikaingia juu yao kidogo tu kama ilivyoagizwa, kisha pakafika pale ambapo mstari mrefu ulipaswa kuanza, na haukuanza. Wengine waliendelea. Walikuwa wanamjibu mtu ambaye hajasema. Walinyamaza kumpisha, hakupita mtu, wakaendelea tena chini yake, na lile pengo likatembea nao mpaka mwisho wa ubeti, upana wa mtu mzima.

Hakuna aliyejua afanye nini na mwili wake. Hapakuwa na pa kushika ili ucheze. Mama mdogo aliteremsha bega, akajifunika kanga kichwani. Faustina alianza kulia, halafu yule binti wa kigelegele, halafu wanaume. Wimbo ulikuwa mpya. Hakuna sikio lililowahi kuusikia, hata la kwangu, na nimeuandika mimi.

Sikufarijika. Msidhani nilifarijika. Nilipiga mapigo kwa hasira, hasira kwa Nashoni pia, aliyeniachia haya yote akaenda kulala. Na nilimwangalia Sedekia. Alikuwa amesimama mahali pake, mstari wa mbele, suti imelowa. Tarumbeta lilikuwa tumboni, lakini vidole vyake vilikuwa vinabonyeza vifungo, kimoja kimoja, kwa wakati wake hasa, mstari mzima bila kukosea. Mdomo umefungwa. Machozi yalikuwa yanamchuruzika mpaka kwenye kola, na hakuwa na mkono wa kuyafutia.

Mngekuwa nyinyi mngemruhusu. Ubeti wa mwisho ulikuwa unakuja, ishara moja tu ya mkono wangu ilitosha, na aliinua macho akaningojea.

Sikumpa.

Mama mkwe alinivuta kanga. "Violeti. Sedekia mbona hapigi? Si ni wa kaka yake huu?"

Niliinama mpaka sikioni kwake, ili siku hiyo asikie vizuri.

"Alishaumaliza, mama," nikamwambia. "Kaupiga kwenye harusi za watu wote. Kwa kaka yake hakubakiza kitu."